Waanzilishi wa Mapango ya Mawe huko Marekani, na Maisha Yao

Mara nyingi walimu wa misioni huulizwa na wanafunzi wao, "Mwanzilishi wa kanisa hili ni nani?" Nao hujibu kwa kutaja jina moja, aghalabu jina la padre wa kwanza, kisha hupita katika somo jingine. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Yafaa tulichungue neno lenyewe kwanza. Kuanza ni kushika kazi mara ya kwanza. Kuanzisha ni kuifanya kazi ianze, ijapokuwa mikono inayoifanya ni ya watu wengine. Na kuasisi, neno tulilopewa na Kiarabu, ni kuweka msingi. Mambo hayo ni matatu, na si lazima mtu mmoja ayafanye yote. Yuko awezaye kuwaza neno asilishike kwa mkono; yuko awezaye kubeba mawe ya msingi miaka arobaini, na jina lake lisitajwe ila kwa nadra; na yuko ajaye baadaye, akaikuta kazi imefika nusu, akaifanya kuwa yake.

Ili kulipima neno hilo tutasimulia habari za mahali patatu huko Marekani palipojengwa kwa mawe ili watu wasali na kutafakari mambo ya Mungu. Mahali pa namna hii huitwa groto, yaani pango; ila si pango la asili lililochimbwa na maji, bali ni jengo lililofanywa kwa mfano wa pango. Desturi hii ilienea sana baada ya mwaka 1858, wakati Bernadette Soubirous, binti wa msaga unga, aliposema kwamba amemwona Bikira Maria katika pango la mwamba huko Lourdes, katika nchi ya Ufaransa. Tangu hapo Wakatoliki wa nchi nyingi walijenga mifano ya pango lile. Lakini hao tutakaowasimulia hawakutosheka na mfano. Walifanya bustani nzima za mawe, na kazi hiyo ikachukua umri wao.

Mahali pa kwanza ni West Bend, mji mdogo katika jimbo la Iowa. Nchi ile ni tambarare, yenye udongo mweusi wenye rutuba nyingi, na wenyeji wake ni wakulima wa mahindi. Mgeni apitaye huona mashamba kulia na kushoto, hata ghafula mbele yake hutokea kuta na matao na minara ya mawe ya kila rangi, yanayong'aa juani. Hushangaa, kwa maana mawe ya namna ile hayapatikani katika mashamba yale. Kila jiwe lililetwa, na aliyeanza kuyaleta ni Padre Paul Dobberstein.

Dobberstein alizaliwa mwaka 1872 huko Ujerumani. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini, mwaka 1892, alivuka bahari akaenda Marekani, kama walivyofanya Wajerumani wengi wa zamani zile, akaingia Seminari ya Mtakatifu Fransisko karibu na mji wa Milwaukee ili asomee upadre. Kabla hajapewa daraja akashikwa na kichomi. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Dawa za namna hiyo hazikuwafikia watu wengi mpaka katika miaka ya 1940. Mwenye kichomi alilazwa, akatunzwa, akangojewa, ama homa ivunjike ama afe. Dobberstein alikuwa karibu na kufa. Ndipo alipomwomba Bikira Maria amwombee kwa Mungu, akaweka nadhiri kwamba akipona atajenga mahali pa kumheshimu. Akapona, na mwaka 1897 akapewa upadre.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya lugha. Katika Kiswahili chema husema mtu ameweka nadhiri, na siku anapoitimiza husema ameiondoa. Wageni wajifunzao lugha yetu hushangaa kwa neno hili la pili, wakidhani kwamba kuondoa nadhiri ni kuitupa. La, sivyo. Nadhiri huwekwa kama mtu awekavyo mzigo juu ya kichwa chake mwenyewe. Wala hapana mwingine awezaye kumtua. Akiutimiza, ameuondoa. Nahau hii yatueleza habari za Dobberstein kuliko maneno mengi, maana mzigo aliojitwika katika kitanda cha ugonjwa aliubeba zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka 1898 alipelekwa West Bend kuwa paroko wa Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo. Mtu angedhani kwamba alianza kujenga mara moja. Lakini alianza kwa kukusanya. Kwa zaidi ya miaka kumi alitafuta mawe na vito, akayarundika penye kiwanja cha kanisa. Mengine yalitoka katika milima ya South Dakota, iitwayo Milima Myeusi. Mengine yalitoka katika mapango na majangwa ya mbali. Palikuwa na mawe meupe maangavu kama kioo, na mawe ya rangi ya zambarau, na miti ya kale iliyogeuka kuwa mawe kwa miaka isiyohesabika. Wapita njia waliona marundo yakizidi, wala hawakuona nyumba. Tufikiri basi ilivyokuwa kwa padre kijana kupita kila siku mbele ya marundo yale, huku watu wakimtazama, naye hana la kuwaonyesha ila mawe. Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini haisemi lolote juu ya uvumilivu wa yule akitazamaye kibaba kisichojaa.

Mwaka 1912 ujenzi ukaanza. Namna ya kazi yafaa kuelezwa, maana wako walimu wanaojenga kwa mikono yao. Alipanga kwanza mawe ya rangi na vito kwa mpango alioutaka, akayashika kwa saruji hata yakawa vipande vya ukuta. Kisha vipande hivyo viliinuliwa na kuunganishwa penye jengo. Faida ya njia hii ni kwamba kazi haikukoma wakati wa baridi. Katika Iowa theluji hufunika nchi kwa miezi mingi, na saruji mbichi ikigandishwa na baridi huharibika. Kwa hiyo vipande vilitengenezwa ndani katika majira ya baridi, vikajengwa nje katika majira ya joto. Sanamu zilikuwa za marmari, nyingine zikiletwa kutoka Carrara katika Italia. Kwa miaka mingi vitu vyote viliinuliwa kwa nguvu za mikono. Mashine ya umeme ya kuinulia mizigo haikupatikana mpaka mwaka 1947, ujenzi ulipokuwa umetimiza miaka thelathini na mitano.

Na mikono iliyoinua ilikuwa ya nani? Hapa tunafika kwa mtu wa pili, Matt Szerensce. Yeye hakuwa padre wala bruda, bali mwenyeji wa parokia ile. Alishika kazi hii tangu ujana wake, karibu na mwanzo wa ujenzi, asiiache mpaka mwaka 1959 alipostaafu. Padre alipanga vito. Szerensce alibeba, alichanganya saruji, aliinua, alijenga. Padre Dobberstein alikuwa na kazi zake nyingine, kusema Misa na kuungamisha, kuzika wafu na kufundisha watoto. Basi kama asingekuwapo mtu mwenye nguvu na utii wa kushinda penye mawe siku baada ya siku, vile vito vingebaki marundo. Ya Szerensce yaliyoandikwa ni machache sana karibu na yale ya padre wake. Hatuambiwi kwamba yeye naye aliweka nadhiri. Lakini mtu abebaye mzigo wa nadhiri ya mwenziwe kwa muda mrefu hivi, tumwite nani? Kumwita kibarua ni kumdhulumu.

Mtu wa tatu ni Padre Louis Greving. Yeye alifika West Bend mwaka 1946 kuwa msaidizi wa paroko. Dobberstein wakati ule alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi. Kwa muda wa miaka minane Greving alijifunza kwake namna ya kuchagua mawe na kuyapanga. Mwezi wa Julai mwaka 1954 Dobberstein akafariki, na kazi haijaisha. Mzee akifa namna hii, mara nyingi kazi yake hufa pamoja naye. Warithi husema kwamba ile ilikuwa nadhiri yake, si yao. Greving hakusema hivyo. Aliendelea kwa miaka mingi, kwanza pamoja na Szerensce, kisha bila yeye. Kijana aliyefika kuwa msaidizi akazeeka hapo hapo.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Huko West Bend yako mapango tisa, na kwa pamoja huitwa Groto la Ukombozi, maana yanaeleza kwa mfululizo jinsi mwanadamu alivyoanguka na jinsi alivyokombolewa. Mgeni huanza kuona bustani ya Edeni, hufika Bethlehemu penye hori, na Nazareti penye nyumba ya Familia Takatifu, hupita Gethsemane, huifuata Njia ya Msalaba, na juu kabisa huona sanamu ya Mama akimpakata Mwanawe aliyekufa. Ndani ya kanisa lililo karibu iko altare ya Noeli, na humo mna jiwe moja la amethisto lililotoka Brazil, uzito wake yapata ratli 300. Mwaka 2001 mahali hapa paliandikwa katika orodha ya serikali ya Marekani ya mahali pa historia pastahilipo kuhifadhiwa.

Mwalimu atatambua mara moja kwamba hii ni katekisimu ya mawe. Asiyejua kusoma huifahamu kwa kutembea; na mtoto asiyeweza kukaa kimya katika darasa huuliza maswali yake hapa kwa sababu macho yake yamevutwa. Tena mpango wake una hekima. Edeni haikuwekwa mbali na Kalvari kama kwamba ni habari nyingine. Mtu huenda kwa miguu yake toka anguko hata ukombozi, na miguu hukumbuka njia ambayo masikio yangeisahau.

Tuondoke West Bend, twende Dickeyville, kijiji cha jimbo la Wisconsin. Hapa mwanzilishi ni Padre Mathias Wernerus, aliyezaliwa mwaka 1873, naye pia mtu wa nchi ya Wajerumani. Alisoma katika seminari ile ile alimougulia Dobberstein, akapelekwa Dickeyville mwaka 1918 kuwa paroko wa Kanisa la Roho Mtakatifu. Mwaka huo Vita Kuu ya kwanza ilikwisha, na miongoni mwa vijana wa parokia waliokwenda vitani wako ambao hawakurudi. Kazi ya kwanza ya Wernerus kwa mawe ilikuwa ukumbusho wa hao waliokufa, mwaka 1920. Kisha, kuanzia mwaka 1925 hata mwaka 1930, alijenga groto lenyewe na bustani iliyolizunguka.

Vitu alivyotumia ndivyo vitakavyomfurahisha msomaji wa pwani. Pamoja na mawe na vito alitumia vigae vya vioo vya rangi, vipande vya sahani na vikombe vya kauri, kombe za pwani, na vikorokoro vya nyumbani, akavikandamiza vyote katika saruji mbichi. Watu wa parokia walivileta. Mwanamke aliyevunja sahani aliyoipenda hakuitupa jalalani. Aliipeleka kwa padre, na Jumapili iliyofuata pengine aliiona imo ukutani, imekuwa ua. Ndugu wa ukoo wake, Mary Wernerus, aliyemtunzia nyumba, alisaidia sana katika kazi hii, naye ahesabiwa miongoni mwa waliolijenga groto.

Penye mlango wa groto lile yameandikwa maneno mawili kwa mawe: upande mmoja Dini, na upande wa pili Uzalendo. Tena iko sehemu yenye sanamu ya Columbus pamoja na Washington na Lincoln. Msomaji wa Afrika aweza kuuliza, hao wanatafuta nini katika mahali pa sala? Nadhani jibu limo katika historia. Wakati wa vita vile, Marekani ilipigana na Ujerumani kuanzia mwaka 1917, na watu wenye asili ya Kijerumani waliokaa Marekani walitazamwa kwa mashaka. Huku na huko lugha yao ilikatazwa mashuleni. Parokia ya watu wa namna hiyo, iliyowazika wanawe waliokufa chini ya bendera ya Marekani, ilikuwa na neno la kusema, nayo ililisema kwa mawe: kwamba mtu aweza kumpenda Mungu kwa desturi za baba zake, na kuipenda nchi aliyohamia, bila ya kuvunja moja wapo.

Groto lilibarikiwa mwaka 1930. Wernerus aliishi miezi michache tu baada ya hapo, akafa mwezi wa Februari mwaka 1931. Dobberstein alipewa maisha marefu na kazi isiyokwisha. Wernerus alipewa kuiona kazi yake imekwisha, wala hakupewa siku nyingi za kuifurahia.

Mahali pa tatu ni Cullman, katika jimbo la Alabama, upande wa kusini. Hapo iko monasteri ya Wabenediktini iitwayo Mtakatifu Bernardo. Mwaka 1892 alifika hapo mvulana wa miaka kumi na minne, mzaliwa wa Landshut katika Bavaria, jina lake la ukoo Zoettl. Alipoingia utawa akaitwa Bruda Joseph. Katika ujana wake aliumizwa kazini hapo monasterini, mgongo wake ukapinda, akawa na kibiongo, naye hakupewa upadre. Wakubwa wake wakamweka penye mitambo ya kupigia maji na kufanyia umeme, na kazi yake ikawa kutia makaa motoni na kuangalia vipimo, mchana kutwa, siku zote za juma.

Kazi ile ilikuwa ya kuchosha mwili, tena ya kuchosha moyo, kwa kuwa siku moja haikutofautiana na nyingine. Bruda Joseph, ili apitishe saa zake, alianza kufinyanga kwa saruji na mawe vijumba vidogo, mifano ya makanisa na ya mahali palipotajwa katika Maandiko. Watu wakavipenda. Baadaye alifanya mapango madogo ya mkononi, yenye sanamu ndogo ndani, yakauzwa kwa maelfu. Mwisho monasteri ikampa kiwanja penye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na tarehe 17 Mei mwaka 1934 Groto la Ave Maria likabarikiwa hapo. Leo ipo mifano yapata 125 iliyopangwa kilimani: Yerusalemu, Roma, makanisa ya Ulaya, na mingine mingi.

Mengi ya mahali hapo Bruda Joseph hakupaona kwa macho. Alipajua kwa picha za vitabu na kadi za posta, akakisia urefu na upana. Na vitu vyake vya ujenzi vilikuwa vile ambavyo wengine hutupa: gololi za watoto, kombe, vikopo vya mafuta ya kujipaka, vioo vya baiskeli, na maboya ya matangi ya choo yaliyokuwa kuba za makanisa. Watu waliopata habari zake walimpelekea vitu vya namna hii. Mfano wake wa mwisho, basilika ya Lourdes, aliufanya mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka themanini. Akafa mwaka 1961. Hivi mtu aliyefungwa penye tanuru la makaa, asiyeweza kusafiri, aliijenga dunia yote ya wasafiri wa dini, ndogo ya kuzungukwa kwa miguu katika muda mfupi.

Sasa turudi kwetu. Mambo haya si mageni kama yanavyodhaniwa. Atembeleaye magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, au ya Gede karibu na Malindi, au makaburi ya Kunduchi, huona makaburi ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mengine yana nguzo ndefu. Na katika chokaa ile mna mahali palipopachikwa sahani na mabakuli ya kauri, mengi yake yametoka Uchina. Mabakuli mengi yamekwisha kung'olewa, matundu yamebaki. Mwashi wa pwani, miaka mia kadha kabla ya Wernerus, alijua ya kuwa kauri katika chokaa hudumu, na ya kuwa kitu cha thamani cha mezani kikiwekwa penye kaburi kimetoka katika matumizi ya watu kimeingia katika heshima.

Lakini yafaa tuangalie tofauti, maana wanafunzi watauliza. Pwani na bara watu wamejua tangu kale mahali pa miti mikubwa na majabali na mapango paitwapo mzimu, ambapo hupelekwa vyakula, ubani na vitambaa ili kuwatuliza wakaao pale. Mtu akiona watu wamepiga magoti mbele ya pango la mawe aweza kusema, "Huu nao ni mzimu." Sura zafanana, maana ni mbali. Penye mzimu, mahali penyewe pana mwenyewe, na mtu huenda kwa sababu aliye pale hawezi kupatikana pengine. Penye groto la West Bend hapana akaaye katika jiwe. Jiwe ni ukumbusho na somo, na sala isemwayo pale yaweza kusemwa shambani. Padre Dobberstein mwenyewe alilijua jambo hili kuliko wote: alisikiwa kitandani mwa ugonjwa, kabla ya kuwapo jiwe hata moja. Kwa hiyo namshauri mwalimu asilitumie neno mzimu, na neno pango peke yake nalo lina upungufu, kwa kuwa humfanya msikilizaji afikiri popo na giza. Groto limekwisha kuzoeleka katika vinywa vya Wakristo wengi, nalo lafaa. Na pale lisipofahamika, aseme pango la sala.

Neno la mwisho ni lile tuliloanza nalo. Huko Bagamoyo, penye misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, karibu na makaburi ya wamisionari, liko groto dogo lililojengwa mwaka 1876, na waliolijenga ni watu waliokombolewa katika utumwa. Mwaka ule Dobberstein alikuwa mtoto wa miaka minne. Watu wale walikuwa wamebeba mizigo ya wengine toka bara hata pwani, au wazazi wao walikuwa wameibeba. Na hapo wakabeba mawe. Majina ya wakubwa wa misioni ya siku zile twaweza kuyasoma vitabuni. Majina ya waliochimba na kujenga pango lile hatufundishi katika shule zetu.

Basi mwanzilishi ni nani? Naona kwamba lugha yetu imekwisha kutujibu kwa kutupa maneno matatu. Dobberstein alianzisha; Szerensce aliweka msingi kwa mikono yake; na Greving alianza upya kila asubuhi kazi ambayo hakuiwaza yeye. Ukimwondoa mmoja, wawili waliobaki hawana kitu. Vivyo hivyo Wernerus bila ya sahani zilizovunjika za wanawake wa Dickeyville, na Bruda Joseph bila ya vikopo vya watu asiowajua.

Katika parokia zetu kazi za namna hii hufanyika kila mwaka: kanisa, shule, kisima, groto. Kitabu cha misioni huandika jina la askofu aliyebariki, na la padre aliyejenga, na hesabu ya fedha. Naomba mwalimu mwenye kalamu aongeze ukurasa mmoja. Aandike jina la fundi, na majina ya waliosomba mawe na mchanga, na ya wanawake walioteka maji ya kuchanganyia saruji. Aandike na vijiji vyao. Afanye hivyo wangali hai, nao wamsomee kama amekosea. Baada ya miaka hamsini atatokea mtoto atakayeuliza jengo hili lilianzishwa na nani. Na pengine mtoto huyo ni mjukuu wa mmoja wa hao.